Nani Anapandisha Dau

Wells Ferry, Ohio
14 Aprili 2003

Mdogo wangu Leland,

Najua barua hii itakufikia melini mkipita Detroit, boti ya posta ikija kuwapandishia ndoo ya barua kama kawaida yenu, kwa hiyo mpishi wewe, mikate yako ikiungua siku hiyo usinisingizie mimi. Hujambo lakini? Mimi mzima, ila nina hasira, na hasira zangu unazijua, haziniishi mpaka nimweleze mtu.

Colleen kapiga simu tena Jumapili. Chumba kipo, anasema, kina dirisha zuri, Tampa hakuna theluji, sasa Mama unakaa peke yako kwenye nyumba kubwa hiyo unafanya nini. Nikamwambia ninaishi. Mwisho tumekubaliana. Kiwanda cha vyombo kimefungwa, mshahara hakuna, basi binti yangu kanipa mpaka mwisho wa Oktoba. Kama biashara yangu ya mnada wa mtandaoni itakuwa inalipa gesi ya kupasha nyumba na kodi ya serikali, nabaki. Isipolipa, nauza nyumba aliyoniachia marehemu Warren na kwenda Tampa kuwa mzigo. Neno mzigo hakulisema yeye, nimeliongeza mimi.

Sasa usinicheke. Mwezi mzima nimeuza sifuri. Niliingia kwenye ule mtandao nikaona mtu kaweka kibakuli cha sukari cha kiwanda chetu, anataka dola mia na ishirini. Nikasema, ala, kumbe ninalalia utajiri. Na mimi nikaweka changu kwa mia na ishirini. Kikakaa. Cha yule mtu nacho kimekaa, na kimekaa tangu mwaka juzi. Bi Tolliver wa maktaba ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia, "Rosalie, hizo ni bei za watu wanaotamani. Kutamani hata mimi natamani. Bonyeza hapa uone minada iliyokwisha, mtu kalipa na kachukua chake." Nikabonyeza. Kibakuli cha sukari, dola tisa.

Leland, nilitaka kulia pale pale mbele ya kompyuta ya watu. Lakini sasa nimejua. Kila siku naenda maktaba, nusu saa yangu, naangalia vilivyouzwa tu, vimeuzwa vingapi, na watu wangapi walivigombania. Nimeanza na vibakuli vya mchuzi, vile vyenye mdomo mrefu na mstari wa dhahabu. Ninavyo vichache chini ya ngazi, na mistari yake niliipaka kwa mkono wangu. Niombee.

Dada yako,
Rosalie

*

Ndani ya meli Harriet Dunmore
2 Mei 2003

Dada,

Mikate haikuungua, iliungua supu. Manahodha hawaoni tofauti.

Mimi nakuambia utafanikiwa. Miaka yote ile umekaa na brashi mkononi unazungusha sahani, mtu asikuambie hujui vyombo. Colleen ana wasiwasi tu, kazi za watoto ndizo hizo. Uza vibakuli vyako. Watu wanapenda mchuzi, hata huku melini wanaumwagia kila kitu, mpaka samaki.

Mdogo wako,
Leland

*

Ndani ya meli Harriet Dunmore
2 Mei 2003

Arvid, mzee wangu,

Umestaafu usukani sasa una kazi gani zaidi ya kunywa kahawa na kuchungulia meli za wenzako zikiingia Duluth? Nina kazi ndogo. Dada yangu Rosalie wa Ohio anauza vibakuli vya mchuzi kwenye mnada wa mtandaoni. Wewe kompyuta unayo. Tafadhali nunua. Tumia pesa zangu ulizonishikia, mimi nikifika bandarini nitavichukua.

Nikimpelekea pesa mkononi atazirudisha. Krismasi alizirudisha pamoja na soksi. Lakini mtu akimnunulia kitu atafurahi, na akifurahi atabaki nyumbani kwake. Yeye hakujui, jina lako sijawahi kumtajia. Sharti ni moja: usiache hata kimoja kikuponyoke.

Leland

*

Wells Ferry, Ohio
19 Juni 2003

Leland, mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini kwanza, kama una pa kukaa humo jikoni.

Kibakuli cha kwanza kimeuzwa dola arobaini na moja. Cha pili hamsini na tatu. Leo cha tatu, sitini na nane. Nilikaa maktaba nikiona namba inapanda, mtu wa kwanza anaweka dau, wa pili anaweka juu yake, wa kwanza anarudi, Bi Tolliver akaacha wateja wake akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Hakunifukuza hata nusu saa yangu ilipokwisha. Walikuwa wanagombania kitu changu, Leland. Watu wazima, wana akili zao, wanagombania mstari niliouchora mimi.

Anayeshinda kila mara ni Bwana mmoja Niemela, na usishangae, anakaa Duluth, huko huko mnakopakia madini. Labda umeshapishana naye dukani. Namwona ni mtu mstaarabu, hundi yake inakuja upesi na mwandiko wake umenyooka. Nimemwandikia kadi ya asante. Anayeshindwa simjui, naona jina lake la mnadani tu.

Colleen nimempigia nimemwambia. Akanyamaza, halafu akasema, "Hongera, Mama," kwa sauti ndogo. Najua haikumfurahisha, yeye alitaka nishindwe nikakae naye. Basi na asubiri.

Dada yako mwenye furaha,
Rosalie

*

Duluth, Minnesota
11 Julai 2003

Leland,

Vibakuli vya mchuzi ninavyo sita. Mimi na mke wangu tunakula samaki na viazi. Mchuzi hatuli.

Dada yako ameniletea kadi ya asante yenye maua. Mke wangu ameisoma na anataka kujua Rosalie ni nani. Nimemweleza. Ameniamini kidogo.

Jambo la pili. Kuna mpumbavu mmoja anaitwa pelikani72 hataki kuacha. Kila ninapoweka dau, naye yumo. Ningevipata kwa dola tano tano, lakini huyu anapandisha mpaka natoka jasho. Uliniambia nisiache, sijaacha. Pesa zako zinayeyuka.

Arvid

*

Wells Ferry, Ohio
9 Agosti 2003

Mdogo wangu,

Nimeamua, na nakuandikia ili uwe wa kwanza kujua.

Ghala la Garlock linafunguliwa. Ni mali iliyobaki kiwandani siku kilipofungwa, walimpa Garlock aihifadhi na sasa itanadiwa yote Jumamosi ya tarehe sita Septemba. Nimeingia kuangalia. Kuna vibakuli vya mchuzi mia nne, Leland, havijatolewa hata kwenye nyasi zake za kufungia. Nitavigombania vyote. Ninazo zile dola elfu moja na mia mbili nilizoweka kwa ajili ya mtambo mpya wa kupasha joto. Ndizo nitakazotumia zote.

Usiniambie sijafikiri. Sikuangalia bei za kutamani safari hii, naangalia zilizouzwa. Vyangu vyote vimeuzwa, hakuna kilicholala, na kila mara wawili wanashindana. Hiyo ndiyo haja ya soko, ndivyo inavyopimwa. Mtambo wa sasa unakohoa lakini unafanya kazi, na ifikapo Oktoba nitakuwa na pesa za mitambo miwili. Nimechoka kuonewa huruma. Nataka msimu wa baridi unikute hapa hapa, kwa jasho langu.

Rosalie

*

Ndani ya meli Harriet Dunmore
21 Agosti 2003

Arvid,

Acha kununua. Acha kabisa, leo hii. Anataka kuweka pesa za kupashia nyumba kwenye vibakuli mia nne kwa sababu yako na yangu, na huyo pelikani wako.

Leland

*

Ndani ya meli Harriet Dunmore
21 Agosti 2003

Dada Rosalie,

Nakuomba usinunue vile vibakuli. Sina sababu kubwa. Ni hisia tu. Soko linaweza kubadilika, huyo bwana wa Duluth anaweza kufa, huwezi jua. Mia nne ni vingi mno. Weka mtambo kwanza, vibakuli vitakuwepo.

Ningekupigia simu tukifika bandarini lakini melini hakuna faragha, na wewe ukisikia sauti yangu utaanza maswali. Tafadhali nisikilize mara moja tu katika maisha yako.

Leland

*

Wells Ferry, Ohio
29 Agosti 2003

Leland,

Kwa hiyo na wewe. Mwezi Mei ulisema hakuna wa kuniambia sijui vyombo, leo nimepata ujasiri wa kufanya kitu kikubwa, hisia zimekujia. Colleen amekupigia, sivyo? Mmekaa mkapanga. Ningejua wewe uko upande wake nisingekuandikia hata hiyo Aprili.

Nitaangalia mara ya mwisho kabla ya mnada kama ninavyoangalia siku zote, halafu nitanunua.

Rosalie

*

Wells Ferry, Ohio
8 Septemba 2003

Leland Hudak,

Nakuita jina lako lote ili ujue ninavyojisikia.

Niliangalia mara ya mwisho, kama nilivyosema. Safari hii nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza: sikuangalia vyangu, niliangalia vibakuli hivyo hivyo vinavyouzwa na watu wengine. Dola nne. Dola sita. Vingine havikupata hata dau moja. Mama mmoja wa Indiana kaweka chake mara tatu hakuna aliyekigusa, na kizuri kuliko vyangu. Nikasema labda picha zake mbaya. Basi nikampa Bi Tolliver kibakuli changu akiweke kwa jina lake yeye, picha yangu, maneno yangu yale yale. Siku tatu nzima hakuna aliyekuja. Hata Bwana Niemela mstaarabu hakuonekana.

Hapo nikafungua historia ya madau yangu yote tangu Juni nikayasoma upya. Mnada mmoja hadi mwingine, majina ni mawili tu, hakuna wa tatu. Hakuna katika Marekani nzima mtu wa tatu anayetaka kibakuli cha mchuzi cha Rosalie Purinton. Wa kwanza anakaa Duluth, na mdogo wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuwa na hisia juu ya vyombo, ghafla ana wasiwasi bwana huyo asije akafa. Nikampigia simu huyo Niemela. Nikamuuliza, "Bwana, unamjua Leland?" Akaniambia, "Bibi, mimi mchuzi hata siupendi."

Ulinidanganya. Nilikuwa napita mtaani kichwa juu. Nilidhani kuna mtu mahali fulani, hanijui, hana sababu ya kunihurumia, kaona kazi ya mkono wangu akaitaka. Kumbe ni wewe unanitupia sarafu kupitia dirisha la jirani. Unajua inavyouma? Ningejaza vile vibakuli mia nne ndani ya nyumba na Januari ningekaa navyo gizani na baridi.

Lakini peke yako usingefika sitini na nane. Bei haipandi kwa mtu mmoja. Wa pili ni pelikani72. Sabini na mbili ni mwaka aliozaliwa Colleen, Leland. Na tangu ahamie Tampa, kila kadi anayoniletea ina picha ya pelikani, yule ndege wa domo kubwa. Nimemwandikia leo leo. Mlikuwa mnagombana wenyewe kwa wenyewe, majuha wakubwa nyie, na kila mmoja akimwona mwenzake mjinga. Nilipogundua hilo nililia, halafu nikacheka mpaka Bi Tolliver akaniletea maji.

Mnadani nilikwenda. Vibakuli vya mchuzi nimemwachia mchuuzi mmoja wa Pittsburgh, Mungu amsaidie. Nilikuwa na siku chache za kuangalia kitu kingine, na nikaona hivi: kwenye mtandao kuna mabuli mengi ya kiwanda chetu hayana vifuniko, yanauzwa bei ya chakavu. Watu wanavunja kifuniko, buli linabaki. Nikatafuta vifuniko peke yake. Vilivyowekwa vichache, vilivyouzwa ni vyote, dola kumi na tano, ishirini, hata zaidi, na waliogombania ni majina tofauti kila mara, majimbo tofauti. Nimeyapitia majina yote moja moja. Hakuna ndege hata mmoja.

Ghala la Garlock lilikuwa na makasha ya vifuniko yamerundikwa nyuma kabisa, na mistari yake ya dhahabu niliipaka mimi mwenyewe. Hakuna aliyeinua mkono ila mimi. Wanaume walinicheka, mama anabeba vifuniko bila vyombo. Nimevipata kwa dola sitini, na pesa ya mtambo nimeirudisha mahali pake.

Bado nimekasirika. Usiniandikie kwanza.

Rosalie

*

Tampa, Florida
15 Septemba 2003

Mama,

Ndiyo, ni mimi. Nashukuru kwamba hukunipigia, maana kwa simu tungegombana.

Nataka ujue sikupata hata kimoja. Kila Alhamisi natoka kazini mbio nakaa kwenye kompyuta, na yule mtu wa Duluth ananipiku. Nilimchukia. Nilimweleza kila mtu ofisini kwamba kuna tajiri mmoja huko kaskazini anajaza nyumba vibakuli vya mama yangu. Kumbe ni rafiki wa Mjomba, na pesa ni za Mjomba. Uliponipigia Juni kuniambia sitini na nane, nilinyamaza kwa sababu nusu ya bei hiyo niliipandisha mimi na sikujua niseme nini.

Utaniuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu anajua nilitaka uje huku. Bado nataka. Tangu Baba afariki, simu ikilia nikaona namba ya Ohio moyo unaruka. Nilitaka uje, Mama, lakini sikutaka uje umeshindwa. Niliogopa utakaa kwenye kile chumba unaangalia nje huongei na mtu. Ndiyo maana nikawa nakuambia uache, halafu naenda kuweka dau. Najua haina akili.

Sitakuamuru tena habari ya Oktoba. Kama nyumba ina joto na wewe unakula, kaa. Ila chumba hiki hakitakuwa cha mtu mwingine. Na naapa sitaweka dau kwenye kifuniko chako chochote, hata kikiniita.

Mwanao,
Colleen

*

Wells Ferry, Ohio
27 Oktoba 2003

Mdogo wangu Leland,

Hasira zimekwisha, au zimebaki kidogo sana, utazimalizia Januari meli ikilala bandarini kwa ajili ya barafu na wewe ukija kufunga mtambo. Fundi alitaka pesa nyingi nikamwambia nina ndugu anayejua vyuma. Barua ya Colleen nimeisoma mara nyingi. Atakuja Krismasi, nimemwambia alete koti la maana maana joto la Tampa limemharibu.

Sasa sikia. Wiki ya kwanza niliweka kifuniko kimoja cha buli, cha bluu, chenye kishikio kidogo cha duara. Siku mbili hakuna kitu. Nikaanza kusema moyoni, Rosalie, umerudi kule kule. Siku ya tatu dau moja. Siku ya nne wakawa watatu. Mnada umefungwa kwa dola ishirini na sita. Nimemtumia mshindi, na juzi amenijibu kwa barua. Anaitwa Bi Thordarson, anakaa Gimli, Manitoba, huko Kanada. Anasema buli ni la bibi yake, kifuniko kilivunjika siku ya mazishi, na toka hapo walikuwa wanalifunika kwa kisosi. Walishazoea, watoto wamekua wanadhani buli huwa hivyo. Alipokiweka kifuniko changu kikakaa sawasawa, mume wake alitoka zizini kuja kukiangalia.

Halafu akaniuliza, Leland, kama ninamjua aliyepaka ule mstari wa dhahabu kwenye kishikio, kwa sababu umenyooka vizuri sana.

Sijamjibu bado. Naogopa kufurahi. Vifuniko vingine vimeuzwa baada ya hicho, gesi ya mwezi huu imelipwa kutoka humo humo, lakini huyu ndiye ninayemfikiria. Najua meli yenu inafika mpaka Thunder Bay, upande huo huo wa Kanada, na wewe una marafiki kila gati kama paka wa bandarini. Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na uniambie ukweli mtupu hata kama unauma. Huyu mama umemtuma wewe?

Dada yako,
Rosalie

*

Ndani ya meli Harriet Dunmore
6 Novemba 2003

Dada,

Barua yako niliipata Detroit wiki iliyopita, leo tunapita tena na nimeacha maandazi kwenye mafuta ili niwahi kukujibu kabla boti ya posta haijaondoka.

Gimli sijawahi kufika. Tulipofika bandarini nilimpigia Arvid, akasema hamjui, akamwuliza na mkewe, naye hamjui. Nilimpigia Colleen kazini kwake, akaapa kwa jina la baba yake. Nimeuliza hata mabaharia wawili wa Manitoba tulionao humu, hakuna aliyewahi kusikia jina lake.

Mwandikie huyo mama, Rosalie. Mwambie mstari uliupaka wewe. Hakuna hata mmoja wetu anayemjua.

Leland